Alitoka wapi huyu kocha?

Jumamosi alfajiri, kabla makanga wa matatu za Molo hawajaanza kuita abiria, vijana sita au saba hupita barabara ya Njoro juu ya baiskeli za mbio. Huwasikii wakija. Unasikia mlio mwembamba wa mnyororo, kama cherehani ya jirani, kisha migongo iliyoinama inakupita, jezi zimewabana, vifuani wameandikwa majina ya kampuni za Ulaya ambazo haziwajui wala hazijawahi kuwalipa senti. Jezi ni za mitumba. Miguu ndiyo yao.

Fundi ninayempelekea baiskeli yangu huwatazama hadi wapotee kwenye kona. Kibanda chake ni mabati machache na mwavuli uliochanika, na kazi yake kubwa ni Black Mamba: za wauza maziwa, za mkaa, za sukumawiki, zile zenye karia ya chuma inayobeba mzigo mkubwa kuliko mwenye baiskeli. Siku hiyo alikuwa na gurudumu la mmoja wa wale vijana. Alikuwa amepindua baiskeli, usukani chini magurudumu juu, akizungusha la nyuma kwa kidole na kusikiliza linapokwaruza breki. Akalisimamisha, akakaza spoki moja kidogo tu, akalegeza ya pili yake, akazungusha tena.

"Kijana," akaniambia bila kuinua macho, "hawa watoto wanasema kuna mtu anataka kuwafungulia kambi. Awape baiskeli, awalishe, awapeleke mbio za nje."

"Si ni jambo jema, mzee?"

"Jema sana. Alitoka wapi?"

Nikamweleza nilivyosikia: kwamba zamani mtu huyo alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa, kwamba kazi anaijua.

"Hapo umeniambia anachojua," akasema. "Mimi nimeuliza alitoka wapi."

Sina neno baya juu ya mtu huyo, na huenda hata kambi yenyewe ni porojo za kijiweni. Lakini swali la mzee nilienda nalo nyumbani, kwa sababu hapa Afrika Mashariki liliwahi kuhitajika sana, na majibu yake ni magumu kuliko tunavyopenda. Lilihitajika Rwanda, mwaka 2007, aliposhuka Mmarekani mmoja mrefu kuja kuwafundisha vijana wa milimani kukimbia kwa baiskeli.

Bingwa mwenye njugu na Biblia

Jonathan Boyer, ambaye ulimwengu wa baiskeli humwita Jock, alizaliwa jimbo la Utah mwaka 1955 na kukulia California. Kabla hajafikisha miaka 20 alikuwa amekwisha kuvuka bahari kwenda Ufaransa kutafuta riziki ya kanyagio, wakati ambapo Mmarekani kwenye mbio za Ulaya alikuwa kioja. Yeye mwenyewe aliongeza kioja hicho. Hakula nyama. Alibeba njugu na matunda makavu. Biblia yake haikumtoka mkononi, na wenzake walimcheka.

Mwaka 1981 akawa Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France. Alikuwa katika timu ya Renault iliyomtumikia Mfaransa Bernard Hinault, na kazi yake ilikuwa ile ya mtumishi wa timu: kumkinga bwana mkubwa na upepo, kurudi nyuma kwenye gari kuchukua chupa za maji, kujichosha ili mwingine ashinde. Hinault alishinda. Boyer alimaliza wa 32. Miaka miwili baadaye alimaliza wa 12, nafasi ambayo kwa mtu wa bara lingine enzi hizo haikuwa mchezo.

Utata ulimfuata mapema. Katika mbio za ubingwa wa dunia za 1982 huko Goodwood, Uingereza, Boyer alichomoka peke yake karibu kabisa na utepe. Desturi ya mchezo huo ni kwamba mtu wa nchi yako akitangulia humfukuzi, unamwachia. Mmarekani mwenzake, Greg LeMond, alimfukuza. Mwitaliano Giuseppe Saronni akawapita wote, LeMond akawa wa pili, na Wamarekani wakabaki na ugomvi uliosimuliwa kwa miaka. Mwaka 1985 Boyer alishinda mbio za kuikata Marekani kutoka pwani moja hadi nyingine, zaidi ya siku tisa karibu bila usingizi. Kisha akastaafu na kugeukia biashara.

Kama habari ingeishia hapo, angekuwa jina la kwenye vitabu vya kumbukumbu tu. Haikuishia hapo. Mwaka 2002, katika kaunti ya Monterey, California, Boyer alikiri mashtaka 10 ya vitendo vichafu dhidi ya mtoto wa kike. Vitendo hivyo vilianza mtoto huyo akiwa na miaka 12. Jaji alimpa kifungo cha miaka 20 kilichosimamishwa, mwaka mmoja katika jela ya kaunti, na miaka mitano chini ya uangalizi wa mahakama. Waandishi wa habari tumezoea kujificha nyuma ya neno "inadaiwa". Katika kesi hii neno hilo halina kazi. Mwenyewe alikiri.

Milima elfu, baiskeli tano

Mwishoni mwa 2005 Tom Ritchey, mmoja wa waliounda baiskeli za kwanza za milimani huko California, alitembelea Rwanda. Aliona wakulima wakishusha mizigo mlimani juu ya baiskeli za mbao, vyombo vizito visivyo na mnyororo, breki ni kipande cha mpira au kisigino. Alirudi kwao akaunda baiskeli ndefu ya chuma ya kubebea kahawa, na mwaka uliofuata akaandaa mashindano huko huko Rwanda. Alimwomba rafiki yake wa zamani aje kusaidia. Rafiki huyo alikuwa Boyer, ambaye jela alikuwa ametoka miaka michache tu kabla.

Boyer alirudi mapema 2007 akiwa na mashine ya kupimia nguvu za mpanda baiskeli, akawapima vijana mmoja mmoja, na kutoka hapo timu ikazaliwa. Majina matano ya mwanzo yalikuwa Adrien Niyonshuti, Abraham Ruhumuriza, Rafiki Uwimana, Nathan Byukusenge na Nyandwi Uwase. Ruhumuriza alikuwa bingwa wa nyumbani, lakini ubingwa haukujaza sufuria: alikuwa mwendesha bodaboda ya baiskeli kama wale tuliokuwa nao hapa Nakuru kabla pikipiki hazijawameza. Niyonshuti alikuwa na miaka 20. Ndugu zake sita waliuawa katika mauaji ya kimbari ya 1994.

Boyer hakuleta miujiza, alileta ratiba. Kupanda mlima walikuwa wakijua tangu utotoni. Ambacho hawakuwa nacho ni vitu vidogo ambavyo mchezo wa kulipwa husimama juu yake: chakula kwa saa, usingizi, gea isiyoruka, mnyororo uliooshwa, pasipoti yenye viza kabla ya siku ya safari, mtu wa kusoma upepo na kukuambia lini ujifiche na lini utoke. Kambi ikajengwa Musanze, chini ya volkano za kaskazini. Kutoka mwanzo wa watu watano, timu ilifika mahali ambapo mtoto wa Rwanda aliweza kuitaja baiskeli kama kazi bila kuchekwa.

Matokeo yake hayafichiki. Mwaka 2009 Niyonshuti alisajiliwa na timu ya MTN ya Afrika Kusini, na mbio za Tour du Rwanda zikaingizwa kwenye kalenda ya shirikisho la dunia. Mwaka 2012 Niyonshuti aliibeba bendera ya nchi yake kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya London na kumaliza mbio za baiskeli za milimani akiwa wa 39. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga akawa Mnyarwanda wa kwanza kushinda Tour du Rwanda tangu ipate hadhi ya kimataifa, na kuanzia hapo wenyeji hawakuliachia taji kwa muda: Jean Bosco Nsengimana 2015, Ndayisenga tena 2016, Joseph Areruya 2017, Samuel Mugisha 2018. Boyer aliondoka 2017. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza ya aina hiyo katika ardhi ya Afrika, na Tadej Pogačar wa Slovenia akatwaa taji la wanaume kwenye vilima hivyo hivyo. Katika mbio hizo za kilomita 267, waliofika mwisho walikuwa 30 tu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ukiandika historia ya baiskeli Rwanda ukalifuta jina la Boyer, umeandika uongo.

Nani hayumo kwenye filamu

Hadithi hii ilipendwa sana Magharibi. Filamu ya *Rising from Ashes* ilitoka 2012, sauti ya msimulizi ikiwa ya Forest Whitaker, na mwaka uliofuata mwandishi Mwingereza Tim Lewis akatoa kitabu ambacho jina lake lilizungumzia nchi ya nafasi ya pili. Simulizi iliyoenea ilikuwa tamu: nchi iliyovunjika ilikutana na mtu aliyevunjika, wakaponyana.

Hapo ndipo kalamu yangu inasita. Niyonshuti alivunjwa na watu wengine. Boyer hakuvunjwa na mtu. Yeye ndiye aliyevunja. Kuwaweka wawili hao kwenye sentensi moja kama majeruhi wa ajali moja ni kumdhulumu kijana wa Rwamagana, na ni kumdhulumu zaidi mtu wa tatu ambaye hakutajwa kwenye mabango: msichana wa California. Yeye hakupata kambi chini ya volkano wala msimulizi mwenye sauti nzito. Nafasi ya pili ilipogawanywa, hakuna aliyemuuliza kama hata ile ya kwanza yake ilirudi.

Najua nitajibiwa kwamba Rwanda yenyewe ni shule ya msamaha, na kwamba sisi wa mbali hatuna la kuwafundisha watu wake. Ni kweli, na tena hoja hiyo inatusaidia. Katika mahakama za gacaca, zilizofungwa rasmi mwaka 2012, mkosaji alisimama penye nyasi mbele ya majirani, akasema alichofanya, alimfanyia nani na mwili uko wapi. Waliodhulumiwa walikuwepo, wakamsikia, wakamkatiza alipodanganya. Huo ndio uliokuwa mlango wa kurudi kijijini. Msamaha haukuanza na ushindi wa mbio. Ulianza na kusema, na waliosikiliza kwanza walikuwa wenye donda.

Na hata baada ya msamaha lipo swali la kazi. Unaweza kumsamehe aliyeiba kuku wako, mkala meza moja, mkasalimiana kanisani. Hilo halikulazimishi kumpa funguo za banda.

Neno moja, mizani tatu

Tatizo letu, nadhani, liko kwenye neno lenyewe. Tunasema "kocha mwenye utata", "meneja mwenye utata", kisha tunaendelea na kikombe cha chai. Neno hilo limekuwa gunia: humo ndani tumetia vitu visivyofanana.

Mtazame Bjarne Riis wa Denmark. Alishinda Tour de France ya 1996 akiwa na timu ya Telekom. Tarehe 25 Mei 2007 alikaa mbele ya wanahabari akakiri kwamba alitumia dawa ya EPO kwa miaka, ikiwemo ile aliyoshinda, na akasema jezi yake ya njano iko kwenye boksi gerejini, anayeitaka akaichukue. Wakati anasema hayo alikuwa tayari meneja wa timu ya CSC, moja ya timu kubwa duniani, na alibaki kwenye usukani kwa miaka mingine. Mwaka 2015 ripoti ya wakala wa kupambana na dawa za kusisimua misuli nchini kwao ilisema alijua kwamba baadhi ya wachezaji wake walitumia dawa, asichukue hatua. Mwaka 2020 aliingia Afrika kwa mlango wa ofisi: alichukua usimamizi wa timu ya NTT, mrithi wa MTN-Qhubeka, ile iliyokuwa fahari ya bara mwaka 2015 pale Daniel Teklehaimanot wa Eritrea alipovaa jezi ya madoa mekundu ya mfalme wa milima katika Tour de France. Mwaka haukuisha vizuri, waliachana.

Sasa mtazame David Kinjah wa hapa kwetu. Nyumbani kwake Mai-a-Ihii, Kikuyu, alikusanya watoto wa mtaa akawapa baiskeli alizoziunganisha vipande vipande. Mmoja wao alikuwa mtoto wa Kizungu mzaliwa wa Nairobi, Chris Froome, aliyepelekwa na mama yake akiwa na umri wa darasa la sita hivi. Waliteremka pamoja ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu na kupanda tena, mtoto akibanana na watu wazima. Froome baadaye alishinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, lakini chini ya bendera ya Uingereza. Alikuwa amechoka na shirikisho la Kenya. Ameeleza mwenyewe jinsi alivyoingia kwenye barua pepe ya shirikisho hilo mwaka 2006 na kujiandikisha kwa mashindano ya dunia, maana aliona hakuna mwingine angemwandikisha. Kinjah naye amevutana na viongozi wa mchezo huo kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo ukimtaja ofisini utaambiwa: huyo ana utata.

Watatu hawa hawapimwi kwa jiwe moja. Kinjah aligombana na wakubwa. Dawa ya ugomvi ni uchaguzi wa haki, hesabu zilizo wazi na meza ya kuongelea. Mara nyingi mgomvi ndiye aliye sahihi. Riis alidanganya mchezo. Dawa ya udanganyifu ni vipimo, marufuku na kumbukumbu isiyofutika, na anayekiri kikamilifu anaweza hata kuwa mwalimu mzuri wa hatari anayoijua. Boyer alimdhulumu mtoto. Hilo si kosa la mchezo hata kidogo. Halina uhusiano na baiskeli, wala baiskeli haiwezi kulilipia. Dawa yake ni mlango mmoja kufungwa: kazi yoyote inayompa mtu mamlaka juu ya watoto. Milango mingine, ya kuunda fremu, kuchambua mbio, kuwanoa watu wazima mbele za macho ya wengine, inaweza kujadiliwa.

Ukichanganya mizani hizo, mgomvi hufukuzwa, mdanganyifu huajiriwa, na mnyanyasaji hupigiwa makofi. Tumeyaona yote matatu.

Miguu ya Bonde la Ufa

Kwa nini jambo hili liwasumbue watu wa Nakuru? Kwa sababu kila anayetafuta mapafu mazuri duniani mwisho hufika kwetu. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Ukitoka Njoro kwenda Elburgon na Molo, barabara hupanda hadi pua inatoa maji ya baridi, na ukiendelea Mau Summit hadi Timboroa unazidi mita 2,700. Waandaaji wa Tour de France hutafuta vilele vya namna hiyo kwa darubini. Sisi mwenye mtungi wa maziwa huvipanda kila siku na gea moja.

Mwaka 2008 mpiga picha kutoka Singapore, Nicholas Leong, aliwachukua vijana wawili wa Eldoret, Zakayo Nderi na Samwel Mwangi, mmoja bodaboda na mwingine mng'arisha viatu, akawapeleka Ufaransa kujaribu mlima maarufu wa Alpe d'Huez. Nderi alifika juu kwa dakika 42 hivi, muda ambao haumwaibishi mtu wa kulipwa. Kutoka hapo ikazaliwa timu ya Kenyan Riders, kambi ikawa Iten. Mmoja wa waliokua kwenye mkondo huo alikuwa Suleiman Kangangi, ambaye mwaka 2017 alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda, nyuma ya Areruya mwenyewe. Kangangi alikuwa ameanza kuwa kile tunachokikosa: mwendesha baiskeli aliyepita njia yote na sasa anawarudia wadogo zake, akiwa nahodha wa timu ya Amani. Alianguka na kufariki Agosti 27, 2022, kwenye mbio za barabara za vumbi jimboni Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33.

Riadha imetufundisha upande wa pili wa baraka hizi. Tangu Rita Jeptoo aliponaswa 2014, orodha ya Wakenya waliofungiwa kwa dawa imekuwa ndefu hadi ikaundwa sheria na wakala wa kitaifa wa kupambana nazo mwaka 2016. Agnes Tirop alipouawa nyumbani kwake Iten Oktoba 2021, wenzake walianzisha Tirop's Angels, na yakaanza kusemwa hadharani mambo ambayo kila mtaa wa kambi ulikuwa ukiyajua: kwamba msichana mwenye kipaji huzingirwa mapema na wanaume wanaojiita makocha, mameneja na wafadhili, na kwamba mara nyingi hakuna mtu mzima anayeuliza wametoka wapi.

Shuleni tunauliza. Tume ya Huduma ya Walimu, TSC, humfuta kwenye sajili mwalimu aliyemchafua mwanafunzi, naye hatakiwi kushika chaki tena. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 nayo ilitaka kuwe na sajili ya waliohukumiwa. Lakini kambi ya mazoezi si shule. Anayeifungua huhitaji nyumba ya kukodi, saa ya kuhesabia muda na jina lenye kung'aa. Akiombwa karatasi, ataleta cheti cha tabia njema, kile cha kupigwa alama za vidole.

Hapo kuna shimo ambalo kisa cha Boyer kinalimulika. Cheti chetu husoma kumbukumbu zetu. Mtu aliyehukumiwa California angekuja Nakuru, apigwe alama za vidole Nakuru, na cheti kingetoka safi kama karatasi ya daftari jipya. Kinachotakiwa ni cheti cha kila nchi alikoishi akiwa mtu mzima, kikaguliwe na shirikisho na idara ya watoto kabla ya mtoto mmoja kulala kambini. Na mwenyeji wetu wa hapa apitie chekecheo hilo hilo, kwa kuwa ubaya hauna pasipoti. Kambi yenye watoto iwe na mlezi wa kike pale palipo na wasichana, iwe na nambari ya simu ambayo mtoto anaijua na ambayo haipokelewi na kocha, na kocha asilale jengo moja nao. Hakuna hata moja ya hizo inayohitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Faida yake si kuwalinda watoto peke yao. Inamlinda pia kocha mwema. Mama yake Froome alipomwachia Kinjah mtoto, nyumba ya Mai-a-Ihii ilikuwa wazi, vijana wakiingia na kutoka, majirani wakiona. Kocha anayefanya kazi mwangani hahofii swali.

Rwanda yenyewe ilionyesha njia ya kutoka kwenye utegemezi wa mtu mmoja. Niyonshuti alianzisha chuo chake cha baiskeli Rwamagana, kwao, ambako kila mtu anajua baba yake ni nani na alipitia nini. Eritrea nayo haikungoja mkombozi: baiskeli huko ni mchezo wa mtaa tangu enzi za Waitaliano, kila mji una klabu, na kutoka kwenye klabu hizo ndipo alipochomoza Biniam Girmay, aliyeshinda hatua tatu za Tour de France ya 2024 na kuondoka na jezi ya kijani. Penye klabu kumi, mtoto asiyeridhika na kocha mmoja huhamia kwa mwingine. Penye kambi moja, huyo mmoja anakuwa baba, mfadhili, hakimu na mwenye funguo za chakula. Mtu wa aina hiyo hata akiwa malaika amepewa mamlaka makubwa mno.

Nilirudi kibandani wiki iliyofuata. Gurudumu la kijana lilikuwa limekwisha kuchukuliwa, limenyooka. Nikamuuliza mzee kwa nini hukaza spoki kidogo kidogo badala ya kuipiga ile iliyolegea mara moja akamaliza. Akaniambia ukibana moja kwa nguvu, gurudumu litasimama sawa hapa kibandani, na litapinda kwenye shimo la kwanza la barabara ya Molo. Uzito wa mtu lazima ugawanywe.

Kwa hiyo mzazi wa Njoro, Molo, Gilgil au Naivasha, siku atakapokuja mtu na baiskeli ya mamilioni akitaka kumchukua mwanao kambini, mkaribishe, mpe chai. Usimfukuze kwa sababu ni mgeni, wala usimpe mtoto kwa sababu ni bingwa. Muulize alitoka wapi, mwambie alete karatasi za huko, kisha upige simu mwenyewe. Na akianza kukujibu kwa kuhesabu medali, mwambie bado hajakujibu.